Karatasi ya Chai ya Jumanne

Mlango wa lori ulifungwa kwa nje, na komeo likaingia.

Hapo ndipo tulipomwacha Kanyiva wiki iliyopita, gizani, ufunguo wa nyumba yake ungali mkononi. Kwa ufunguo huo alikuwa amekwangua rangi ubavuni mwa lori hilo hilo, na chini ya picha ya ndovu akaona picha ya kuku. Aliposikia nyayo aliruka ndani ajifiche. Basi amejificha, tena amejificha kupita kiasi.

Kwa aliyechelewa kuingia katika hadithi hii nitasema mara moja tu, halafu twende.

Kanyiva Mutiso ni katibu wa kamati ya tenda katika Idara ya Makazi ya Wakulima, pale Ngara. Idara hiyo inahama, kwa sababu mwaka huu wa 2008 wakubwa wamegawana wizara na kila mmoja anataka jumba lake lenye vioo. Jumba jipya liko Waiyaki Way. Kampuni tatu ziliomba kazi ya kubeba meza, makabati na mafaili. Moja imewahi kuhamisha benki nzima bila kupoteza hata kijiko. Ya pili imehamisha shule. Ya tatu, Ndovu Wanne Movers, ilisajiliwa mwezi wa sita na haijawahi kuhamisha hata kitanda. Kanyiva aliipa alama thelathini na moja kwa mia, akaandika: haifai, haina bima, malori yake hayajulikani. Halafu akasikia mtaani kwamba Ndovu Wanne ndio wanaopewa. Ndiyo maana Alhamisi hii, saa nne asubuhi, alijipeleka mwenyewe hadi yadi yao Dagoretti Corner kuona kwa macho yake.

Sasa macho hayana kazi.

Alipapasa. Harufu ya mavi ya kuku ilimjaa puani. Manyoya yalimnasa kwenye sweta. Ukutani kulikuwa na katoni zilizopangwa vizuri, akaziangazia kwa mwanga mdogo wa simu: MAYAI, MAYAI, MAYAI. Akacheka peke yake kicheko kibaya. Kampuni ya kuhamisha serikali, na mzigo wake ni mayai. Akakalia katoni moja.

Simu haikuwa na salio. Akamflash Waceke, simu ikalia mara moja akakata.

Waceke ndiye mama chai wa idara. Miaka kumi na mmoja anapandisha trei ghorofa kwa ghorofa, na hakuna barua inayofika kwa Katibu, mkubwa wa idara nzima, kabla yeye hajaiona ikiwa juu chini juu ya meza. Alipiga simu upesi.

"Uko wapi, dada? Huku unatafutwa."

"Nimefungiwa ndani ya lori."

"Basi kaa chini. Nina kitu kingine."

Akamwambia. Ripoti ya kukagua kampuni imefika kwa Katibu tangu jana. Ndovu Wanne wamepata alama themanini na saba. Ripoti inasema kamati nzima ilikwenda yadi, ikaona malori manne, bima na watu wa kufunga mizigo, ikaridhika. Wanakamati watano wamesaini.

"Wanne," alisema Kanyiva. "Mimi sijasaini."

"Jina lako ni la tatu. Na ule mkia unaovuta mwisho wa sahihi yako naujua."

"Waceke, sijasaini ripoti yoyote."

"Ulisaini chai, dada."

Msomaji, simama hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wetu huchinjwa. Mtumishi wa serikali humwibii sahihi kwa urahisi. Barua ya kuomba wembe wa kuchongea penseli ataisoma mara tatu, ataipeleka kwa mkubwa wake, ataiweka droo wiki mbili. Lakini karatasi ya chai? Karatasi ya chai inapita mezani saa nne mkutano ukiwa moto, ili jikoni wajue wametoa vikombe vingapi. Mtu anasaini huku anasimulia mechi ya jana, mkono wa pili ushafika kwenye mandazi. Hakuna anayeisoma. Wa kuisoma hajazaliwa.

Jumanne ile mwenyekiti wa kamati, Bwana Njuguna, aliizungusha mwenyewe. Alisema kuna utaratibu mpya, wakaguzi wa hesabu wanataka wageni wasaini ukurasa wa kwanza na wanakamati ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili haukuwa na kichwa. Ulikuwa na majina matano tu, sahihi tano, na weupe mtupu juu. Ukurasa huo ukapigwa pini nyuma ya ripoti.

Kanyiva alikumbuka hata alichokuwa akisema wakati anasaini. Alikuwa akiomba asiwekewe sukari.

"Waceke," alisema, "nitoe humu."

Injini iliunguruma. Lori likaondoka naye.

Mwanzoni alijaribu kuhesabu kona. Walipinda kulia, wakarushwa na matuta, wakapita mahali penye mhubiri wa kipaza sauti, akajua ni Kawangware. Aligonga ubavu wa lori mpaka ngumi zikauma. Nje watu waliendelea na maisha yao, kwani nani Nairobi hii anashughulika na lori linalogonga? Kisha barabara ikawa laini na magari yakapita kwa kasi, akajua ni Waiyaki Way. Lori likashuka njia ya mawe, likasimama.

Komeo likatoka. Mwanga ukaingia kama kofi.

"Yesu," alisema dereva, akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa mtu mrefu wa Bungoma, jina lake Sifuna, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hakujua. "Madam, sasa wewe ni mzigo ama ni nini?"

Kanyiva alitaka kumtukana. Badala yake akapepesuka, na Sifuna akamshika kiwiko kwa adabu akamshusha. Walikuwa mbele ya ghala la mabati, nyuma ya Mountain View, ndani ya ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu.

Kabla hajapumua, askari wa lango alikuwa amefika na kitabu chake. Mzee mfupi, koti kubwa, kalamu nyuma ya sikio. Alisema hajali mtu ameingia kwa mlango au kwa mgongo wa lori, hapa hakuna anayepita bila kuandika. Jina, namba ya kitambulisho, saa, sababu.

Nani hajaandika kwenye kitabu cha lango katika mji huu? Kanyiva aliandika. Furaha ya kuona jua ilimharakisha. Kwenye sababu alisita, na mzee akasema hiyo iache, huwa wanajaza wenyewe.

"Kanyiva Mutiso," alisoma mzee taratibu. "Mutiso wa wapi?"

"Wa Mawe Meupe."

Mzee, ambaye aliitwa Muindi, alimtazama mara moja zaidi, akafunga kitabu.

Watu wawili walitoka ghalani. Wa mbele alikuwa Mwaura, mwenye Ndovu Wanne, koti la ngozi jipya lisilozoea mabega yake. Mwaka jana alikuwa akisambaza kuku kwenye hoteli. Wa nyuma alikuwa Njuguna.

Njuguna si mtu wa kupandisha sauti. Amepanda vyeo chini ya serikali tatu, na kila iliyokuja ilimkuta ameketi. Alimwona Kanyiva na manyoya yake, akashtuka kwa muda wa kufumba jicho, kisha akatabasamu. Mimi tabasamu la namna hiyo nalijua. Ni la mtu aliyeokota kitu alichokuwa akitafuta namna ya kununua.

Akampa pole. Akasema mlango wa lori hilo una tabia ya kujifunga. Akamsifu kwa bidii: ripoti ameshasaini na bado anakagua.

"Ripoti sijasaini, Bwana Njuguna."

Njuguna aliufungua mkoba bila haraka, akamwonyesha nakala ya ukurasa wa mwisho. Jina la tatu. Ule mkia.

"Hii ni karatasi ya chai," alisema Kanyiva.

"Chai gani? Unaona neno chai hapa?"

Mwaura alicheka. Njuguna hakucheka. Alitoa karatasi ya pili, barua yenye muhuri, ikimteua Kanyiva Mutiso kuwa msimamizi wa uhamisho wa idara: mizigo yote itatoka na kufika chini ya mkono wake, na madereva wote watafuata amri yake. Chini kulikuwa na mstari wa yeye kukubali.

Ukitega panya, huweki jiwe, unaweka nyama. Barua ile ilikuwa cheo. Kuna watu wangeipigia magoti.

"Na nikikataa?"

"Utamwambia Katibu nini? Kwamba Jumanne uliisifu kampuni, Alhamisi ukaiogopa? Atakuuliza ulikula nini hapo katikati." Akakunja barua akamtia mkononi, taratibu kama anayempa mtoto peremende. "Fikiria mpaka jioni. Mama hajambo?"

"Mama yupi?"

"Mama Ndunge. Nasikia bado anaingoja ile hati yake. Faili namba themanini na nane, sivyo?"

Kanyiva hakuwahi kumtajia Njuguna jina la mama yake. Wala namba ile.

Sasa sikiliza, maana wengine wamesahau na wengine wamelipwa wasahau. Mawe Meupe lilikuwa shamba la mkonge la mzungu. Alipoondoka, familia mia tatu na kumi na mbili ziliambiwa zing'oe mkonge, zigawiwe ardhi. Waling'oa kwa mikono mpaka miiba ikaotea ndani ya nyama. Mwaka wa themanini na nne waliambiwa mpimaji anakuja. Mwaka wa tisini na mbili waliambiwa wangoje uchaguzi upite. Tisini na saba, hivyo hivyo. Elfu mbili na mbili waliambiwa na watu wengine wenye vitambaa vya rangi nyingine, hivyo hivyo. Hati hawajapewa hadi leo. Walicho nacho ni faili: barua ya kugawiwa, ramani ya ploti, na alama ya dole gumba la aliyeng'oa mkonge. Mafaili hayo yako Ngara na hayana nakala popote. Yakipotea, watu wale wataamka wakiwa wavamizi juu ya makaburi ya wazazi wao.

Na wakati mzuri wa faili kupotea ni wakati wa kuhama. Kila kitu hupotea wakati wa kuhama. Hata wewe umewahi kupoteza pasi ya nguo.

Ndiyo sababu wanataka Ndovu Wanne. Kampuni ya kweli hupiga lakiri kila sanduku, huandika namba yake, na hulipa likipotea. Ndovu Wanne watapoteza, halafu watafutwe walipo, wasiwepo. Atakuwepo Kanyiva. Aliyewasifu, aliyewasimamia, binti wa Mawe Meupe mwenyewe.

Njuguna alimrudisha Ngara kwa gari lake. Njia nzima aliongea juu ya mvua.

Kanyiva hakwenda mezani kwake. Aliingia moja kwa moja jikoni, na Waceke akaufunga mlango kwa mgongo.

"Nuka mbali," alisema Waceke. "Umekuwa tarishi wa kuku?" Lakini macho yake hayakuwa ya mzaha. Alichukua kopo la majani ya chai, akatia mkono mpaka chini kabisa, akatoa karatasi nyembamba ya samawati.

Mwaka wa tisini na tisa Waceke alisingiziwa kwamba amekula sukari ya idara. Ilibaki kidogo afukuzwe. Tangu siku hiyo kila karatasi ya chai huiwekea kaboni chini, na nakala anaitunza mwenyewe, bila kumwambia mtu. Jumanne, Njuguna alipoleta karatasi zake mpya, Waceke aliweka kaboni yake kama kawaida kabla ya kuzipeleka mezani. Nani angemtazama mama chai anapanga karatasi kwenye trei?

Nakala ilikuwa hii. Sahihi tano, mkia wa Kanyiva na wote. Na pembeni, kwa mkono wa Waceke, kama afanyavyo siku zote akizikusanya baada ya watu kusaini, alama za vikombe: Njuguna maziwa, wa pili maziwa, Kanyiva strungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari. Juu kabisa: chai, Jumanne, tarehe kumi na nne.

"Lakini ile ya ripoti haina haya," alisema Kanyiva.

"Umeona nakala tu, ile ya Katibu hukuipima. Wameikata juu na pembeni. Ni nyembamba kuliko kurasa nyingine kwa kidole kizima. Niliiona nikaona aibu kwa niaba yao."

Kanyiva aliegemea sinki. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi ikafika chini. Ripoti ilikuwa imekufa. Kilichobaki ni kupanda ghorofa ya tatu, kuweka kaboni hii mbele ya Katibu, na kusema: pima mwenyewe.

Kwa dakika moja Kanyiva alikuwa mtu huru. Tumwachie dakika hiyo, anaistahili.

Kisha akasikia injini uani.

Alichungulia dirishani. Lori la ndovu lilikuwa limerudi, limeegeshwa kinyumenyume kwenye mlango wa chumba cha mafaili, na vibarua wanatoa makabati. Uhamisho ulikuwa uwe Jumamosi. Leo ni Alhamisi.

"Wameanza lini?"

"Jana jioni, ukiwa umeshaenda," alisema Waceke. "Nilidhani unajua. Walianza na yale ya Mawe Meupe. Masanduku hawakuwa nayo, kampuni gani hiyo haina hata sanduku, wakaja kuniomba katoni. Nikawapa zile zinazoletwa na mayai ya kantini. Niliona ni uungwana tu."

Kanyiva aligeuka polepole.

"Katoni ngapi?"

"Kumi na nne. Dada, mbona unanitazama hivyo?"

Alikuwa amekaa juu yake. Nusu saa nzima gizani, alikuwa amekalia mafaili ya familia mia tatu na kumi na mbili akiyadhania mayai. Yalilala Dagoretti Corner usiku kucha, na asubuhi yakasafirishwa mpaka ghala la Mountain View, na yeye pamoja nayo. Kisha akashuka, akaandika jina lake na namba yake ya kitambulisho kwa mkono wake mwenyewe. Saa kaandika. Sababu kaiacha wazi.

Kile kitabu cha lango kilikuwa karatasi ya chai ya pili.

Alishuka ngazi mbili mbili. Sifuna alikuwa ameketi kwenye kibao cha lori akila ndizi. Kanyiva alimwuliza zile katoni za asubuhi ziko wapi. Akasema ziko palepale ghalani. Mwaura amemwagiza akimaliza mzigo huu apitie huko saa tisa apeleke mafuta ya taa. Wanasafisha ghala, wanachoma maranda ya kuku pamoja na hizo katoni.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Tazama sasa jinsi kamba ilivyofungwa. Katibu alikuwa kwenye mkutano, hatoki mpaka saa kumi. Kanyiva akimngoja na kaboni yake, ataokoka yeye, na Mawe Meupe watakuwa majivu saa nzima kabla. Akienda ghalani, atakutwa na mafaili mikononi, mahali ambapo jina lake limekwisha kuandikwa, na kaboni itathibitisha tu kwamba hapendi sukari. Polisi? Atawaambia nini: njooni mnione nilipoyaficha?

Na lori lenyewe haliondoki Ngara kabla ya kujaa makabati, isipokuwa kwa amri ya msimamizi.

Waceke alikuwa amemfuata, trei bado mkononi. Kanyiva alitoa ile barua mfukoni, akaikunjua juu ya trei, akaomba kalamu.

"Ukisaini hiyo umekubali kila kitu," alisema Waceke.

"Najua."

"Na huko watakukuta nazo."

"Najua, Waceke."

"Basi unaenda kufanya nini? Una karatasi ya kukutoa. Nimekupa mkononi."

Kanyiva alisaini. Safari hii aliisoma kwanza, neno kwa neno, mpaka muhuri. Kisha akampa Waceke ile kaboni.

"Leo asubuhi nimemkalia mama yangu," alisema. "Saa kumi Katibu akitoka, hii ipande na chai yake. Chini ya kikombe."

Akamgeukia Sifuna, akamwonyesha barua, akamwambia ashushe makabati, lori liondoke tupu. Vibarua walinung'unika. Sifuna aliisoma barua midomo ikichezacheza, akatupa ganda la ndizi. Alisema bosi akiwa ni karatasi, yeye atafuata karatasi.

Safari hii Kanyiva aliketi mbele.

Kati ya miguu yake kulikuwa na mtungi wa plastiki. Wameshapita Westlands ndipo Sifuna alipomwambia achunge viatu, hayo ndiyo mafuta yenyewe. Alikwenda nayo hivyohivyo, ameyabana kwa magoti, bibi harusi na zawadi yake. Sifuna alimuuliza mara moja tu kuna nini ndani ya zile katoni. Akamwambia. Sifuna alikanyaga pedali, na lile lori la kuku likapiga kelele kama linachinjwa.

Saa tisa kasoro dakika tano walisimama langoni. Lango likafunguliwa, likafungwa nyuma yao. Mzee Muindi akaja na kitabu.

"Umerudi, Mutiso."

"Nimerudi, mzee."

Alifungua ukurasa wa leo. Kanyiva alitafuta mstari wake wa asubuhi. Jina lake. Namba yake. Saa. Na pale alipoacha wazi, kwa wino mweusi wakati wake ulikuwa wa bluu, mtu alikuwa ameandika: kuleta mafaili, katoni kumi na nne.

Kwa hiyo lilikuwa limekwisha. Kitanzi kilikuwa kimekamilika tangu saa sita, naye alikuwa Ngara akipumua.

Upande wa pili wa ua, Mwaura alitoka ghalani akipunga mikono, akimwita Sifuna alete mafuta. Nyuma yake, sakafuni, Kanyiva aliziona katoni, zimerundikwa juu ya maranda, MAYAI, MAYAI, MAYAI. Sifuna alizima injini. Akachomoa ufunguo, akaanza kuutafuta mfukoni ufunguo uleule aliokuwa ameushika, kama mtu mwenye siku nzima.

"Andika, madam," alisema Muindi. "Jina, kitambulisho, saa, sababu."

Kanyiva alishika kalamu. Miaka yote hiyo katika serikali alikuwa akisaini chini ya maneno ya wengine, au chini ya weupe ambao wengine wangeujaza. Akaandika jina. Akaandika namba. Akaandika saa. Kisha akaandika sababu, na mstari mmoja haukutosha, akachukua sita: kwamba amekuja kuchukua mafaili ya ardhi ya Mawe Meupe, kwamba yameletwa hapa na lori la Ndovu Wanne kwa amri isiyo yake, kwamba maneno ya mstari wake wa asubuhi si mwandiko wake, kwamba anayetaka kuyachoma ni Mwaura na aliyemtuma ni Njuguna. Hakuacha nafasi hata ya kupenyeza nukta.

Muindi alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwaura aliita tena, sasa kwa hasira, akaanza kuja.

"Hii ya asubuhi," alisema mzee. "Si uliacha wazi?"

"Niliacha wazi."

"Nilimwona aliyejaza. Ni Mwaura, alinituma sigara, nikachungulia kwenye tundu la lango nikamwona akijaza. Akadhani mtu wa lango haangalii lango."

Akachukua kalamu nyuma ya sikio lake. Chini ya mistari sita ya Kanyiva akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda, akaongeza neno shahidi, akalikazia mara mbili.

Hapo honi ilipigwa nje.

Muindi alichungulia kwenye tundu la lango. Lilikuwa gari la Njuguna, akasema, na nyuma yake Landrover ya polisi. Vibarua wa Ngara walikuwa wamempigia Njuguna simu; walikuja kumfumania mwizi wa mafaili kazini, wamefika kwa wakati, na mwizi alikuwepo. Mwaura alikuwa amebakisha hatua ishirini, kibiriti mkononi.

Honi ikalia mara ya pili, ndefu.

Mzee aliweka kitabu chini ya koti lake, akafunga kifungo. Mkono wake ukashika komeo, ukatulia hapo. Akamgeukia Kanyiva.

"Wewe ndiye msimamizi," alisema. "Nifungue, ama nisifungue?"